Jina la Yai

Nawaomba wasomaji ruhusa wiki hii niyaweke kando maswali yenu yaliyonifikia, nisimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Lina aibu kidogo ndani yake, na aibu hiyo ni yangu.

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa katika darsa ya akina mama nikifasiri mlango wa biashara. Tulifika pale wanazuoni wanapoeleza ghushi, nami, kama ilivyo ada ya mwalimu anayetaka maneno yake yaingie, nikatafuta mfano wa karibu. Nikasema kwamba mtu anayechukua mayai ya trei, ya kuku wa kizungu waliofungwa vizimbani, akayauza mtaani kwa jina la mayai ya kienyeji, faida yake haina tofauti na ya mwenye kutia maji katika maziwa. Akina mama wakacheka, wengine wakatikisa vichwa, nami nikaendelea na mas'ala yaliyofuata. Sikumtaja mtu. Wala sikuwa na mtu moyoni.

Usiku ule mke wangu aliniandalia chai, akakaa kimya kuliko desturi yake. Kisha akaniuliza kama najua kwamba mtaani petu anayeuza mayai ya kienyeji ni mmoja tu.

Ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa akisali safu ya pili, upande wa dirisha. Tangu alipotoka eda amekuwa akiuza mayai mlangoni kwake, na kwa mayai hayo analipia karo ya watoto watatu. Kabla ya darsa yangu alikuwa akimaliza trei 20 kwa wiki. Wiki iliyofuata aliuza 6. Hakuja kunilaumu, alimpa mke wangu maneno haya anifikishie: "Mwambie Sheikh, mayai yangu huletwa kwa basi kutoka Nyeri, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kama ni ghushi, na aniambie mimi, niache. Kama si ghushi, na awaambie wao."

Nimesomeshwa tangu utotoni kwamba huwezi kulihukumu jambo usilolijua sura yake. Nimewasomesha wengine maneno hayo hayo kwa miaka zaidi ya 25. Na bado nilikuwa nimelitolea hukumu yai ambalo sikujua limetoka wapi.

Ikawa ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwamba mwezi wa Julai nilialikwa Nyeri kwenda kufungisha nikaha ya kijana aliyepitia madrasa yetu, ambaye sasa anafanya kazi huko na amepata mchumba huko. Mke wangu akaichukua kwa yule mama namba ya simu ya mwenye shamba. Tukapanda treni hadi Nairobi, na kutoka hapo matatu, tukapita Thika, Sagana na Karatina, nchi ikizidi kuwa ya kijani na hewa ikizidi kuwa ya baridi, hata tulipoteremka Nyeri mke wangu alikuwa amejifunika shali mbili juu ya buibui.

Msafiri wa pwani akifika miji ya Mlima Kenya asishangae kulisikia jina la Majengo. Liko Nyeri na liko Nanyuki, kama lilivyoko Mombasa na Nairobi. Ni alama ya wachuuzi, wapagazi na askari Waislamu waliofuata njia za bara zama zile Waingereza walipokuwa wakijenga vituo vyao. Ngome yao ya Nyeri ilisimama mwaka 1902. Wenyeji wetu walitupokea kwa uji wa moto na mablanketi. Kuhusu maji ya udhu ya Alfajiri ya Julai mjini Nyeri nitasema tu kwamba mwenye kuyatumia bila ya kunung'unika nategemea ana ujira wake.

Nikaha ilipita salama, Alhamdulillah. Asubuhi ya pili tukaelekea shambani, upande wa barabara ya kwenda Mweiga. Mlima ulikuwa wazi, ncha zake nyeusi zikiwa na weupe wa barafu juu, na kijana aliyetuendesha akatuambia tuutazame upesi, kwani haukawii kujifunika mawingu. Kweli, tulipofika haukuwapo tena.

Mwenye shamba alikuwa akitungoja langoni. Ni mama wa miaka sitini na kitu, Mkikuyu, Mkristo wa kanisa, aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wa vijana wetu. "Karibu Sheikh. Mama, karibu sana. Lakini kabla hamjaingia, mtanisamehe," akasema, akatuonyesha beseni la dawa ya kuua vijidudu tukanyage ndani yake, kisha akatupa viatu vya mpira. Ugonjwa wa kideri, alieleza, huingia shambani kwa nyayo za wageni kuliko njia nyingine nyingi, na kuku wasiochanjwa huweza kwisha banda zima kwa siku chache. Nikakunja kanzu, nikavaa viatu vile. Mke wangu aliniangalia kuanzia chini hadi juu, akageuka upande kuficha kicheko.

Nilitarajia kuwakuta kuku wametapakaa majanini. Badala yake nilikuta mabanda mawili marefu yamefungwa, na sauti ya kuku 600 ndani yake. Nikamtazama mke wangu kwa jicho la kumwambia: si nilisema? Nadhani Mwalimu aliliona jicho lile. "Ngoja saa nne, Sheikh," akasema.

Tukaingia banda la kwanza. Sakafu ilitandikwa maranda ya mbao, makavu, hayana harufu ya kukera. Upande mmoja palikuwa na vichanja vya kulalia, upande wa pili visanduku vya kutagia vyenye pazia la gunia mlangoni, kwa kuwa kuku hupenda sitara anapotaga. Kuku wenyewe walikuwa wa rangi ya udongo mwekundu, wote sura moja, wanene, wasio na woga. Waliniparamia viatuni. Mmoja alidonoa kifungo cha kanzu yangu mara tatu akitafuta kujua kama ni punje.

Mwalimu akafunua pazia akamwambia mke wangu aingize mkono. Akatoa yai lenye joto. Mke wangu ameshika mayai maelfu jikoni kwake, lakini alilishika lile kwa mikono miwili. Kuku aliyelitaga alitoka, akajikung'uta, akaenda zake kwenye maji bila ya kugeuka nyuma.

Nilikumbuka pale hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari katika Al-Adab Al-Mufrad, ya mtu aliyechukua mayai ya ndege mdogo safarini, na mama wa mayai akaja akipapatika juu ya kichwa cha Mtume (S.A.W.). Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule, akaamuru mayai yarudishwe, kwa kumhurumia. Ndege yule alinyang'anywa watoto wake. Kuku huyu hakuwa na mtoto ndani ya yai lake, kwa sababu shamba lile halina jogoo hata mmoja. Hili niliseme wazi kwa kuwa najua nitaulizwa: yai la kuku asiyepandwa na jogoo ni halali kama yai jingine, tofauti ni kwamba hata likiatamiwa siku 21 halitaanguliwa.

"Na majogoo je, wako wapi?" nikauliza. Nilidhani wako banda jingine.

Mwalimu akafuta mikono kwa aproni yake kabla ya kunijibu. Vifaranga wake huwanunua kwa watu wenye mashine za kutotolea, wakiwa na umri wa siku moja, wameshachaguliwa majike matupu. Mbegu hii imetengenezwa kwa ajili ya mayai. Dume wake hatagi, na hanenepi haraka kumlipa mfugaji wa nyama. Basi madume huuawa siku ile ile wanapototolewa. Ndivyo biashara ya mayai inavyokwenda karibu dunia nzima, akasema, ingawa Ujerumani wamelipiga marufuku jambo hilo tangu 2022. "Mimi siwaoni," akaongeza. "Lakini najua."

Sikuwa na la kusema. Nimekula mayai zaidi ya miaka 50 na hakuna siku niliyomfikiria ndugu wa yule kuku. Mtume (S.A.W.) amekataza kumuua ndege bila ya haki yake, na mwenyewe akaeleza kwamba haki yake ni kuchinjwa na kuliwa, si kutupwa. Hilo lamhusu vipi mama wa kawaida anayenunua mayai manne ya watoto wake jioni? Ninalo jibu la nusu, na la nusu siliandiki gazetini. Nimekwisha kuwaandikia masheikh wenzangu wawili, na tutakapokubaliana wasomaji watasoma hapa.

Saa nne ikafika. Kijana wa kazi akaivuta kamba, na vijilango vidogo vya upande wa bondeni vikafunguka vyote kwa pamoja. Hawakutoka mbio kama nilivyodhani. Walitoka mmoja mmoja, wakasimama kizingitini, wakatazama juu, kisha wakashuka. Sababu ya kuwangoja hadi saa hiyo ni kwamba wengi wao hutaga asubuhi. Ukiwafungulia mapema watataga vichakani, na yai la kichakani hujulikana na nguchiro kabla hujalijua wewe.

Uwanja wao ni ekari moja iliyogawanywa kwa wavu sehemu nne, na kila baada ya muda huhamishwa sehemu hii hadi ile ili majani yaote upya na minyoo ikose wa kumwingia. Kuna migomba na miti ya mgrevilia iliyopandwa kwa mistari. Nilidhani ni ya kuni. Mwalimu akasema ni ya kuku. Asili ya kuku ni ndege wa msituni, akiona uwanda mtupu huogopa mwewe na hukaa karibu na mlango hata ukimpa ekari kumi; mpe vivuli ndipo atakwenda mbali. Nikawatazama na nikaona ndivyo: kutoka mgomba hadi mgomba, kama watu wanaokwepa jua la mtaani kwetu. Jioni hurudi wenyewe, na yeye hufunga milango kabla ya giza. Saa kumi alfajiri taa huwaka ndani ya mabanda, kwa kuwa kuku wa mayai hutaka mwanga wa zaidi ya saa 14 kwa siku ili asipunguze kutaga, na Nyeri, iliyo karibu na ikweta, haina siku ndefu kiasi hicho. Kwa hivyo kuku wale huamka kabla ya adhana. Nawajua maamuma ninaopenda wasikie habari hiyo.

Niliuliza wanakula nini, na niliuliza kwa makusudi. Katika sheria yetu kuna mnyama aitwaye jallala, yule ambaye chakula chake ni najisi, Mtume (S.A.W.) amekataza nyama yake na maziwa yake, na wanazuoni wameyaingiza mayai yake katika hukumu hiyo hiyo. Mwalimu akanifungulia magunia: mahindi, mashudu ya alizeti, soya, dagaa wa ziwani wanaoitwa omena, chokaa. Hakuna damu ya machinjioni ndani yake. Mwisho akafungua debe dogo, nikaingiza mkono, nikatoa vipande vya chaza na kome waliosagwa. Simba za baharini, zimetoka pwani kwetu, zimepanda kilomita zaidi ya mia sita hadi kwenye mguu wa Mlima Kenya kumpa kuku wa Nyeri gamba gumu la yai, na yai hilo likapanda basi likarudi Mombasa. Mke wangu aliomba kipande kimoja akakitia mkobani.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Sisi watu wa pwani tukitaja kuku wa kienyeji hutaja kama kitu kilichotakasika. Lakini yule kuku wetu anayezunguka vichochoroni, anayeshinda mtaroni na kwenye jalala la taka, ndiye aliye karibu zaidi na sifa ya jallala kuliko hawa. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwahi kumchinja kuku wa uani bila ya kumfungia tengani siku tatu kwanza, akimlisha mtama na maji safi. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipokuta kitabuni kwamba Ibn Umar (R.A.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Mama yangu hakukisoma kitabu hicho. Sijui ni nyumba ngapi leo zina tenga.

Tukakaa barazani tukanyweshwa chai ya maziwa mazito. Ndipo nikalitoa lililonipeleka. Nikamuuliza Mwalimu kwa nini anayaita mayai yake ya kienyeji.

"Mimi?" akasema. "Sheikh, sijawahi kuyaita hivyo."

Akaingia ndani, akaja na trei na karatasi inayofungwa juu yake. Imeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa shule, herufi zimesimama: Mayai ya kuku wa kufugwa huria, Nyeri. Kuku wa kienyeji hasa, akanieleza kama anayefundisha darasa la nne, hutaga mayai kumi na kitu, kisha huatamia, akalea, na kwa mwaka mara nyingi hafikishi 100. Hawa wake hukaribia 300 kila mmoja. Wanatembea, wanakula majani, wanaota jua, lakini si wa kienyeji, na hakuna majani yatakayowafanya wawe. Huko Ulaya, akasema, jambo hili lina sheria: kila kuku wa huria apate angalau mita 4 za mraba za uwanja, na yai lenyewe hupigwa muhuri wa tarakimu, 1 likiwa la huria na 3 likiwa la kizimbani, ili mnunuzi ajue. Kwetu tuna neno moja tu, kienyeji, na kila mtu analichota apendavyo.

Basi jina lilibadilika wapi? Tukalifuata kama watu wanaotafuta sindano. Mayai hutoka kwake na karatasi. Mtu wa kati anayeyapokea na kuyapakia basini huitoa karatasi ili trei zipandane vizuri, na kwa simu humwambia mteja wa Mombasa kwamba mzigo wa kienyeji umeondoka. Mjane wetu akaupokea kwa jina alilotajiwa. Alipasua yai, akaona kiini cha rangi ya machungwa, akaamini. Hakuwahi kuiona karatasi ile.

Kwa hivyo nilikuwa nimesema kweli na nimemdhulumu mtu kwa wakati mmoja. Mayai yale hayakuwa ya kienyeji. Wala hayakuwa ya kizimbani, na mwenye kuyauza hakumdanganya yeyote kwa kujua.

Nilitaka kuinuka tuage, Mwalimu akanizuia. "Umeuliza yako, Sheikh. Na mimi nina langu." Mwezi wa Januari na Februari, akasema, kiangazi kikikausha majani, kiini hupauka, kwa sababu rangi yake hutoka kwenye majani na mahindi ya njano, na mahindi ya hapa ni meupe. Lishe haijapungua, yai ni lile lile, lakini wateja hulalamika na wengine huyarudisha. Muuza dawa za mifugo akamshauri anunue unga wa maua yenye rangi ya manjano auchanganye na chakula. Hauna madhara, na sheria haimkatazi. "Nimeutumia miaka miwili. Kanisani sikuuliza, kwa sababu wangenicheka. Wewe umetoka mbali kwa ajili ya mayai, hutanicheka. Ni makosa?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Mtume (S.A.W.) amekataza kumwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila ya kukamuliwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na akampa mnunuzi siku tatu za khiyari ya kumrudisha. Mas'ala haya hufundishwa kila madrasa. Lakini jibu la haraka ndilo lililonifikisha pale, basi nikanywa chai yangu kwanza. Kisha nikamuuliza: mteja anayetaka kiini chekundu, anakitaka kwa ajili ya rangi, au kwa kuwa anadhani rangi ni shahidi wa majani?

Akafikiri. "Kwa ajili ya majani," akasema.

Nikamwambia kwamba kwa kadiri ya elimu yangu, basi, unga ule wenyewe hauna neno, lakini shahidi wake ni wa uongo mpaka mnunuzi aambiwe. Mwalimu akacheka hadi akashika goti. "Sheikh, kwa hesabu yako karatasi itakuwa na maneno mengi kuliko mayai."

Tulirudi Mombasa siku ya Jumanne. Alhamisi, baada ya Alasiri, nikakaa pale pale nilipokaa mwezi wa Juni. Nikawaeleza akina mama yote mliyoyasoma hapa, isipokuwa kifungo cha kanzu. Nikasema kwamba mfano nilioutoa ulimwangukia mtu nisiyemkusudia, kwamba nilipaswa kujua kuwa utamwangukia, na kwamba namtaka radhi mbele ya walewale walionisikia. Yule mama alikuwa ameketi nyuma, karibu na nguzo. Hakuinua uso. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mama mmoja wa safu ya mbele, mtu wa hesabu, akainua mkono. "Sheikh, yai la kizungu ni shilingi 15. Mimi nimelipa 25 miaka miwili kwa kuwa niliambiwa la kienyeji. Bei ya haki ni ipi, na nilichozidisha ni cha nani?"

Swali lilikuwa sawasawa, na sikuweza kulikwepa kwa sababu tu muulizwaji ni mjane. Nikajibu kwamba muuzaji hana dhambi kwa asilolijua, lakini mali haihalaliki kwa kutojua; aliyenunua kwa sifa fulani na sifa isiwepo ana haki ya kudai tofauti, na akisamehe ni sadaka yake. Yule mama mwenyewe ndiye aliyeipanga bei mpya, shilingi 20, kwa kuwa kuku wa huria hugharimu zaidi ya wa kizimbani. Basi tofauti ni shilingi 5 kwa yai, 150 kwa trei. Wengi walisamehe palepale kwa sauti. Wanne hawakusema kitu. Katika hao, wawili walikwenda mlangoni kwake juma lile na daftari, na aliwalipa wote wawili, mmoja wao kwa mafungu matatu. Nilimtuma mke wangu na bahasha, kwa kuwa mzigo ule niliuanzisha mimi. Ilirudi haijafunguliwa. Ujumbe uliokuja nayo ulikuwa kwamba deni lile ni lake na atalimaliza mwenyewe, na kama Sheikh ana fedha za ziada, na anunue mayai.

Nanunua trei moja kila wiki mbili. Alipofikia Desemba alikuwa anauza 13 kwa wiki, si 20 za zamani. Mlangoni kwake ametundika kipande cha boksi kilichoandikwa na mwanawe mkubwa: Mayai ya Nyeri. Kuku wa kizungu, wanatembea majanini. Sh. 20. Na karatasi ya Mwalimu sasa husafiri hadi Mombasa, kwani yule mtu wa kati ameambiwa akiitoa atatafuta mzigo kwingine.

Mwanzoni mwa Januari Mwalimu alinipigia simu. Majani yamekauka, akasema, na unga hajaununua mwaka huu. Wateja wa Nyeri wameanza kunung'unika, na nimwambie yule mama awe tayari. Siku mbili baadaye boksi la mlangoni lilikuwa na mstari wa tatu, kwa kalamu nyembamba kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha: Kiangazi kiini huwa cheupe. Trei tatu zilirudishwa wiki hiyo.

Yetu hatukuirudisha. Mke wangu alipasua yai la kwanza juu ya kikaango, akalitazama, akaniita jikoni nione. Kiini kilikuwa na rangi ya ndizi mbivu iliyopauka. "Kweli cheupe," akasema, akapasua la pili.